Muuza rangi ya kucha Ikolo afuate mpunga

Kuanzia Septemba, majani yakipukutika Ulaya, maduka ya huko hujaza rangi za kucha za kahawia na damu ya mzee. Ikolo, wilayani Kyela, kalenda ya biashara hiyo ni mpunga.

Wakati wa palizi mikono hushinda kwenye maji na tope; kucha hutanuka, rangi hubanduka. Fedha nazo ziko shambani. Mavuno ya Mei na Juni ndiyo huleta wateja.

Kijana anayezungusha kikapu akipaka kucha asirundike chupa Januari. Chupa ikishafunguliwa, kiyeyusho huruka hewani, rangi huwa nzito na mtaji hupotea. Anunue chache: damu ya mzee ya kung'aa, na yenye vimetameta, ambayo huficha mbanduko. Aandike kila chupa imepaka wateja wangapi. Hapo ataiona faida.