Sakiti Namba 5 na Wachoraji Watatu

Wajukuu, sogeeni karibu na moto, maana Kilolo ya mwezi Juni haimhurumii mtu mwenye sweta moja. Nikisema hadithi, itikieni "hadithi njoo", ila lile la "uongo njoo" leo tuliache. Hadithi yenyewe ni ya umeme, na umeme ukiuongopea unakujibu kwa kuunguza waya.

Tuanze na nyumba mnazozijua. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimepanda vilima ambavyo zamani vilipandwa na mbuzi na wakata mbao tu. Kijiji cha Bomalang'ombe kilipata hata mtambo mdogo wa umeme wa maji, uliojengwa kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia. Nyumba ya vyumba viwili haina makuu: TANESCO wanaweza kufunga UMETA, Umeme Tayari, kibao kidogo chenye swichi na soketi zake, mama akanunua LUKU, taa ikawaka. Hapo hakuna anayechora kitu.

Sasa jengeni kichwani bweni la wasichana, la ghorofa moja, huko juu kwenye ukungu wa Udzungwa. Bweni hili nimelibuni, msihangaike kulitafuta. Hesabu zake ndizo za kweli.

Hapo lazima kuchora kwanza. Kuna mchoro wa chini, mchoro wa ghorofani, na mchoro wa kijumba cha pembeni chenye chumba cha wagonjwa. Kwa nini usiwe mmoja? Kwa sababu wachoraji ni watatu, kila mmoja na kompyuta yake, na watatu wakiushika mchoro mmoja kwa wakati mmoja watavurugiana. Kugawana kazi ni busara. Tatizo ni kwamba waya haujui karatasi imeishia wapi. Unatoka kwenye DB, lile sanduku la ukutani lenye sakiti breka, unapita kwenye kuta za chini, unapanda ghorofani, unavuka mpaka kijumbani. Yote hiyo ni sakiti moja. Tuiite namba 5.

Breka ya namba 5 ni ya ampea 20. Umeme wetu ni wa volti 230. Zidisheni: wati 4,600. Huo ndio mzigo ambao sakiti hiyo inaruhusiwa kubeba.

Mchoraji wa chini anaweka soketi za kupigia pasi. Pasi mbili, wati 1,000 kila moja, jumla 2,000. Anaridhika. Wa ghorofani anamfikiria matroni, anampa soketi ya birika la umeme la wati 2,400. Naye anaridhika. Wa tatu anamwona mtoto mwenye homa usiku wa Julai, anaweka hita ya wati 2,500. Roho nzuri kabisa! Kila mmoja ameandika "sakiti 5", na kila mmoja, kwa anachokiona mbele yake, hajavuka kipimo. Jumlisheni nyinyi: 6,900. Gawanyeni kwa 230. Ni ampea 30, kwenye breka ya 20.

Ikifika jioni ambapo vyote vimewashwa kwa pamoja, breka haikati papo hapo. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili zilizoshikanishwa. Ukipata joto, metali moja hutanuka zaidi kuliko nyingine, ukanda unapinda, unapinda, mpaka unafyatua swichi. Huenda zikapita dakika kadhaa. Kisha giza, na pasi iko juu ya sketi ya mtu. Tena giza ni nafuu. Kibaya zaidi ni fundi mwenye haraka kuja kuweka breka kubwa bila kubadilisha waya, maana sasa kitakachopata moto ni waya wenyewe, ndani ya ukuta, pasipo kuonekana.

Nani kakosea hesabu? Hakuna. Ni kama watoto watatu wa nyumba moja wanaokopa dukani kwa Mangi, kila mtoto na kijidaftari chake. Kila kijidaftari kinaonyesha deni dogo, na mwisho wa mwezi baba anashika kichwa. Dawa ni daftari moja, nalo likae kwa Mangi.

Programu za kuchorea majengo zilifika huko taratibu. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, kazi yake hasa ilikuwa kuchora mistari, na kompyuta haikujua kama mstari ni ukuta au waya. Baadaye ikaja AutoCAD MEP, ambamo soketi iliyochorwa inajua kuwa ni soketi, inajua volti zake na mzigo wake. Humo, DB na sakiti zake zinaweza kutunzwa katika faili moja la mradi, nje ya michoro yote, na kila mchoro ukaunganishwa na faili hilo. Revit, iliyotoka mwaka 2000, ilishika njia nyingine: jengo zima ni modeli moja, na kila mchoro ni upande mmoja tu wa kuitazama.

Turudi bwenini. Wa tatu anaweka hita yake. Programu inamletea orodha ya sakiti kutoka kwenye faili la wote: namba 5 tayari ina wati 4,400, ingawa kwenye mchoro wake yeye haina hata soketi moja. Anaguna, anaanzisha namba 6. Wenzake nao wakifungua orodha wanaikuta, kwa hiyo hakuna atakayeitumia namba hiyo kwa taa za veranda.

Faili hilo lina maadui wawili, na wote ni sisi. Wa kwanza ni flash: mtu ananakili faili apeleke kazi nyumbani, Jumatatu madaftari yamekuwa mawili, na kila moja linadai ndilo la kweli. Wa pili ni kuunganisha mchoro na faili la mradi mwingine, tuseme wa zahanati. Huko nako kuna sakiti namba 6, kompyuta inapokea bila kulalamika, na hita ya bweni letu inahesabiwa kwenye zahanati ya watu.

Kutoka kwenye faili hilo huchapwa jedwali, ambalo fundi mwenye leseni ya EWURA hulibandika ndani ya mlango wa DB: 5, pasi na birika, 6, hita ya wagonjwa, 7, akiba. Hita ikipiga shoti saa nane usiku, namba 6 inazimwa peke yake na ghorofani wanaendelea kulala. Mkirudi shuleni mwombeni fundi awafungulie mlango huo. Someni kwa macho, mikono mfukoni, kwa maana volti 230 zinaua. Mkikuta breka hazina maandishi, mwulizeni jedwali liko wapi.