Hatari Ikae Shinani au Tawini?

Februari 2006 mpango wa tiba wa AMPATH mjini Eldoret, Kenya, ulianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa OpenMRS, programu huria iliyoasisiwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka huohuo wa 2006 ikafika Rwinkwavu, Rwanda. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Karani wa zahanati hana haja ya kujua msimbo wake unaandikwaje. Anachotaka ni dozi ya mwezi uliopita ionekane mgonjwa angali mbele yake.

Lakini programu isiyobadilishwa huchakaa, na baadhi ya mabadiliko ni ya kung'oa nguzo. Hapo ndipo matawi yanapohitajika. Tawi ni mfululizo wa mabadiliko unaoanzia hatua fulani ya msimbo na kwenda njia yake, huku shina, yaani mfululizo mkuu, likiendelea bila kuguswa nayo hadi waandishi waamue kuyaunganisha.

Zamani kufungua tawi hakukuwa tatizo. Kulirudisha shinani ndiko kulikowatoa watu jasho. Subversion, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyotumiwa na miradi mingi, haikuweka kumbukumbu ya kilichokwisha kuunganishwa hadi toleo la 1.5 la mwaka 2008, kwa hiyo mtu alilazimika kujiandikia pembeni. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds Aprili 2005, ilipunguza gharama hiyo, na kufungua tawi kukawa rahisi zaidi: tawi lake ni jina tu, lenye alama 40 zinazotaja badiliko la mwisho. Anayenakili hazina hupata historia yote. Mtaalamu aliye Balsall Heath, Birmingham, anaweza kuinakili OpenMRS usiku, akafungua tawi lake, akalivuruga apendavyo, na Eldoret wasihisi lolote.

Wengi hudhani kwamba siku zote jambo la hatari ndilo hupelekwa tawini. OpenMRS ilifanya kinyume. Toleo la 2.0 la kiini chake, lililotoka mwaka 2016, lilidai Java 8 na kuondoa vipengele vilivyokwisha kutangazwa kuwa vimepitwa na wakati; moduli zilizovitegemea zingevunjika. Kazi hiyo ilifanyika shinani, mbele ya macho ya kila mchangiaji. Waliohamishiwa tawini ni watumiaji wa matoleo ya zamani, kwenye matawi kama 1.11.x, yaliyopokea marekebisho ya hitilafu bila mageuzi makubwa. Ni mpango wa busara kwa mfumo wa hospitali, ingawa una bei: rekebisho moja hulazimika kupachikwa mara mbili au tatu, na kila mara kujaribiwa upya.

Wajenzi wa GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, walichagua njia ya kawaida. Mfumo mpya wa kuboresha msimbo, uliojulikana kama Tree-SSA, ulikuzwa kwenye tawi lake, ukaunganishwa na shina mwaka 2004, na watu wakaupata katika GCC 4.0 Aprili 2005. Shina lilikuwa likisonga muda wote huo, kwa hiyo wahusika walilazimika kuyavuta mabadiliko yake tawini mara kwa mara. Bila kazi hiyo ya kuchosha, siku ya kuunganisha ingekuwa siku ya kuandika upya.

Uvumilivu uliopita kiasi ulionekana kwenye mfumo endeshi wa Linux. Mabadiliko ya PREEMPT_RT, yanayoihakikishia mashine majibu ndani ya muda uliopangwa, yalianza kati ya mwaka 2004 na 2005 yakiwa nje ya shina. Vipande vyake viliingizwa kimoja kimoja, na vilivyobaki vilirekebishwa upya kwa kila toleo jipya la Linux. Shina liliyakubali Septemba 2024, yakatoka na Linux 6.12 Novemba. Kikwazo kikubwa cha mwisho kilikuwa printk, sehemu ya Linux inayochapa ujumbe kwenye skrini.