Je, Wajua? Kikombe, Kihenge na Tambuu

Je, wajua kwamba moto wa chai una uzito kuliko chai yenyewe? Nimekulia kwenye nyumba ambayo chai ikipoa kidogo tu ilirudishwa jikoni, na mgeni akipewa kikombe kisichotoa mvuke, mwenye nyumba aliona haya. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi yaelekea kinasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Majani, maziwa na sukari havikuhusishwa. Kilichotajwa ni moto. Umio ukiungua kila siku, utando wake laini hulazimika kujijenga upya kila siku, na seli zinazogawanyika mara kwa mara hupata nafasi nyingi za kukosea.

Habari hii inatugusa kwa karibu. Saratani ya umio ina ukanda wake barani Afrika, unaoshuka upande wa mashariki kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi. Watafiti waliokwenda Kilimanjaro na vipimajoto, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015, walikuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi. Wanywaji wa chai ya maziwa walianza na kikombe cha moto zaidi kuliko wa chai ya rangi. Huko kaskazini mashariki mwa Iran, watu 50,045 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na mwaka 2019 ikaelezwa kwamba waliokunywa kwa siku zaidi ya mililita 700 za chai yenye nyuzi 60 au zaidi, yaani kama vikombe vitatu, hatari yao ya saratani hiyo ilikaribia kuwa maradufu ya ile ya waliokunywa chai kidogo na iliyopoa.

Hata hivyo, hakuna daktari anayeweza kumwonyesha mgonjwa kikombe fulani na kusema hiki ndicho kilichokuletea maradhi. Hatari ni hesabu ya watu wengi, na umio una maadui wengine: tumbaku, pombe, lishe duni. Nalisema hili kwa sababu nimeona wagonjwa wakilaumiwa vitandani mwao, jambo lisilomponya yeyote. Kwa aliye mzima, dakika chache za subira zinatosha. Wazee waliomimina chai kwenye kisahani kabla ya kuinywa walikuwa wakiipoza vizuri kuliko sisi.

Na kahawa? Mwaka 1991 shirika hilohilo la utafiti wa saratani liliiweka kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa, kwa ajili ya saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 2016 ushahidi ulipopitiwa upya, iliondolewa. Muuza kahawa wa Mombasa au Unguja, na dele lake juu ya makaa, anauza kitu kisicho na doa, ilimradi kikombe kipate kupumua kidogo kabla hakijafika mdomoni.

Je, wajua kwamba sumukuvu iligunduliwa kwa sababu ya bata mzinga? Mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulifika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yaliyoota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu ambayo leo imethibitishwa kusababisha saratani ya ini kwa binadamu, na ndiyo hiyo inayoingia kwenye mahindi na karanga zetu zisipokauka sawasawa.

Ikiwa nyingi, sumukuvu huua haraka. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 zamu ikawa ya Dodoma na Manyara, Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20. Lakini ile kidogokidogo, ya ugali wa kila siku kwa miaka, haina tangazo redioni. Haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa kupikia hauimalizi. Ikimkuta mtu mwenye virusi vya homa ya ini B, hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi kupita ile ya sumu pekee au virusi pekee. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini B, ambayo mtoto huchomwa kliniki ndani ya chanjo mseto iitwayo pentavalenti, ni mojawapo ya chanjo za kwanza duniani zinazozuia saratani, ingawa mama wengi hawaambiwi hivyo.

Kinachosaidia huanzia shambani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai na si kwenye udongo mtupu, yakauke kabisa kabla ya kupukuchuliwa na kuwekwa kihengeni au kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na punje zilizovunjika au kubadilika rangi ziondolewe. Hapa kuna kosa linalonisikitisha, kwa kuwa hufanywa na watu waangalifu: punje mbovu zikishachambuliwa hupelekwa kwenye pombe ya kienyeji au hupewa ng'ombe. Sehemu ya sumu hubaki kwenye pombe. Ng'ombe naye huirudisha kupitia maziwa, ikiwa imebadilika umbo tu.

Hapo ndipo swali la dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, na sembe, unga wa yaliyokobolewa, linapokuwa gumu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, anajulikana kwa kueleza uvimbe wa taya za watoto ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Wachache wanakumbuka kwamba baadaye alitumia miaka mingi kuieleza dunia kuhusu makapi ya nafaka. Alikuwa ameona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa wanavijiji wa Afrika waliokula vyakula visivyokobolewa. Tafiti zilizofuata zimemuunga mkono: nafaka nzima hupunguza hatari ya saratani hiyo. Basi dona ni bora. Ila sumukuvu hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, sehemu zilezile ambazo kukoboa huziondoa. Kwa maoni yangu jibu si kurudi kwenye sembe. Ni kumuuliza mwenye mashine mahindi yake yalikaushwaje, au kusagisha yako uliyoyachambua mwenyewe.

Je, wajua kwamba tambuu isiyo na tumbaku nayo imo kwenye kundi la visababishi vya saratani? Wengi wa pwani hujitetea kwamba wao hutafuna jani, popoo na chokaa tu. Mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba popoo peke yake husababisha saratani ya mdomo. Ugoro pia umo kwenye kundi hilo, ijapokuwa hautoi moshi. Na pombe imo tangu mwaka 1988, bia, mvinyo na gongo kwa pamoja, maana mkosaji ni kilevi chenyewe.

Si mazoea yote ni ya kuogopa. Mwaka 1713 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika kwamba saratani ya matiti iliwapata mno watawa wa kike, akahisi kwamba maisha yao ya useja yanahusika. Mwaka 2002 tafiti 47 kutoka nchi 30 zilijumlishwa, na hesabu ikatoka: kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya mama kupata saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Mama anayenyonyesha mtoto wake miaka miwili, kama ilivyo desturi kwetu, hujilinda yeye pia.

Kwa watu wenye ualbino, mazoea ya kuokoa maisha ni kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni, kwani jua huwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa ajili yao.

Je, wajua kwamba aliyethibitisha madhara ya sigara alianza kwa kushuku lami? Richard Doll, alipoanza na Austin Bradford Hill kuwahoji wagonjwa wa saratani ya mapafu mjini London, alidhani chanzo kingekuwa barabara mpya za lami au moshi wa magari. Majibu ya wagonjwa yalielekea kwenye sigara. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha kabla hata utafiti haujachapishwa mwaka 1950. Baadaye aliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 30 waliongeza takribani miaka 10 ya kuishi kuliko walioendelea, wa miaka 40 waliongeza 9, wa miaka 50 waliongeza 6, na hata walioacha wakiwa na 60 walipata mitatu.