Je, Wajua Jiliwa Linalovuta Chini?

Kaza kipande cha chuma kwenye jiliwa la kawaida na utazame vizuri taya inayosogea. Haiendi mbele tu, inainuka pia. Parafujo inasukuma kutoka chini, kipande kinakataa kwa juu, na kwa kuwa nguvu hizo mbili hazikutani kwenye mstari mmoja, taya inalala nyuma kidogo na kupanda na kile ilichokishika. Kwa fundi anayekata vyuma vya geti, hilo halina madhara. Lakini kwa anayetaka pande mbili za kipande ziwe sambamba kabisa, kazi imeharibika kabla kisu hakijagusa chuma.

Dawa ya tatizo hili ni jiliwa dogo la mafundi wa zana, ambalo halina ile parafujo ndefu ya katikati wala mpini wa kuzungusha. Ukilitazama kwa juu unaona kipande kimoja cha feleji chenye taya moja isiyosogea, na taya ya pili inayoteleza juu ya kitako chake. Siri iko chini ya tumbo. Huko kumechongwa mfululizo wa vikato, na ndani ya kimojawapo kinalala kipini cha mviringo. Bolti inapita ndani ya taya inayosogea kwa mshazari, kwa kawaida nyuzi 45, na kujifunga kwenye kipini hicho. Ukiikaza, inaivuta taya mbele na chini kwa wakati mmoja, kwa hiyo taya haina nafasi ya kupanda. Kipande kikiwa kipana zaidi, unalegeza bolti, unahamisha kipini hadi kikato cha nyuma, unaendelea. Na kwa kuwa hakuna mpini unaotokeza, jiliwa lote linaweza kulazwa ubavu au kusimamishwa wima, na kazi ikiwa bado imeshikwa.

Uingereza na Marekani wako watu wengi wanaotengeneza jiliwa hili nyumbani, kwenye banda la nyuma ya nyumba au gereji. Desturi hiyo ni ya siku nyingi. Jarida la Model Engineer, linalowahudumia mafundi wa nyumbani, lilianza London mwaka 1898, na baada ya Vita Kuu ya Pili mashine ndogo za kukereza kama Myford ML7 ya mwaka 1946 ziliwawezesha watu wa kawaida kufanya kazi ya kiwanda karibu na jikoni.

Kipande cha feleji kitakachokuwa jiliwa huanza kikiwa laini. Hukatwa, hutobolewa na kuchongwa kwenye mashine, na kila upande huachiwa nyama kidogo ya ziada. Baada ya hapo huenda kwenye tanuri. Feleji ya zana inayopozwa kwa mafuta hupashwa hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi na kutumbukizwa, kisha hupashwa tena taratibu, karibu nyuzi 200, ili isiwe ngumu ya kuvunjika. Inapotumbukizwa ndipo inapopinda. Chembe za chuma zinapojipanga upya katika hali ile ngumu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko mwanzo, na kwa kuwa nje hupoa kabla ya ndani, kipande hutoka kwenye mafuta kikiwa kimejikunja kwa kiasi ambacho macho hayaoni. Ile nyama ya ziada iliachwa kwa ajili ya hapa.

Kinachofuata ni kusaga kwa jiwe, na hii ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote. Mashine ya kusaga bapa hushika kazi kwa meza ya sumaku. Weka juu yake kipande chembamba kilichopinda, washa sumaku, nacho kinalala kimya kama kilichonyooka. Jiwe linapita, uso unang'aa. Zima sumaku, na kipande kinarudi kwenye mpindo wake, sasa kikiwa na uso mzuri uliopinda. Kishikio chenyewe kimedanganya. Kwa hiyo fundi mwangalifu hutia vipande vya karatasi au bati jembamba mahali penye uwazi ili sumaku isikivute kipande chini, husaga kidogo upande mmoja, hukigeuza, husaga upande wa pili, na kurudia hadi mpindo uishe.

Lengo la kawaida la jiliwa kama hili ni kosa lisilozidi milimita 0.005 kwenye urefu wa milimita 100. Kwa kipimo hicho hata kiganja ni adui. Feleji ya urefu huo ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hurefuka kwa zaidi ya milimita 0.01, mara mbili ya kosa linaloruhusiwa. Vipimo vya dunia nzima husomwa kwa nyuzi 20. Karakana ya Dar es Salaam mara nyingi haifiki huko bila kiyoyozi, lakini kazi na kifaa cha kupimia vikiwa vyote vya feleji na vikalala pamoja usiku kucha, hurefuka kwa pamoja na kosa karibu lote hujifuta.

Swali linalonivutia ni hili: mashine ya nyumbani yenye kasoro inawezaje kuzaa kitu sahihi kuliko yenyewe? Jibu alilitangaza mhandisi Joseph Whitworth mjini Glasgow mwaka 1840. Chukua mabamba matatu. Ukipaka la kwanza rangi ya buluu na kuliweka juu ya la pili, rangi inaonyesha yanapogusana, nawe unakwangua hapo. Mabamba mawili peke yake yanaweza kukubaliana huku moja likiwa na mgongo na jingine na bonde. Lakini la kwanza likikubaliana na la pili, la pili na la tatu, na la tatu na la kwanza, mgongo na bonde havina pa kujificha. Yote matatu ni bapa, na hakuna bamba bapa lililohitajika ili kuanza.

Pembe mraba nayo hujaribiwa vivyo hivyo. Simamisha kipimo cha pembe kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, kigeuze upande wa pili, chora tena. Mistari ikiachana, umeliona kosa likiwa limezidishwa mara mbili.

Msweden Carl Edvard Johansson, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna, alienda mbali zaidi. Miaka ya 1890, akirejea kwa treni kutoka kiwanda cha bunduki cha Mauser nchini Ujerumani, alifikiria seti ya vipande 102 vya feleji ambavyo, vikipangwa pamoja, vingetoa vipimo 20,000 tofauti. Unataka milimita 37.26? Shikanisha cha 25, cha 11 na cha 1.26. Vya kwanza alivisaga nyumbani kwake, kwa cherehani ya mkewe aliyoigeuza kuwa mashine ya kusagia. Mwaka 1923 alijiunga na kampuni ya Ford nchini Marekani.

Kama unalo jiliwa karakanani, liwe la gharama au la kuokota, lipime leo. Weka ukanda wa karatasi nyembamba chini ya kila pembe ya kipande kilichonyooka, kaza, kisha vuta kanda zote nne. Ule unaochomoka umekuonyesha palipoinuka. Legeza, weka ufito wa mviringo wa shaba kati ya taya inayosogea na kazi yako, ili kipande kikandamizwe kwenye taya isiyosogea peke yake, kaza tena, kigonge chini kwa nyundo laini, na uvute karatasi upya kabla ya kuwasha mashine.