Geuza Bizimu Utazame Mgongo Wake (Sehemu ya Pili)

Mnunuzi wa kawaida huangalia mawe, rangi na mng'aro. Mkusanyaji huligeuza bizimu kwanza. Mgongoni ndiko kuliko na pini, bawaba, kishikizo na, kukiwa na bahati, neno moja au mawili yaliyogongwa kwenye chuma. Juma lililopita makala haya yalifuata mapambo ya zamani ya wanawake yanavyofika masoko ya mitumba ya Gikomba na Karume ndani ya marobota ya mikoba na mikanda. Leo zamu ni ya swali gumu zaidi: pambo likishatua mkononi, umri wake utajulikanaje?

Jina la nchi ndilo la kutafuta mwanzo. Sheria ya ushuru ya McKinley, iliyopitishwa Marekani mwaka 1890, ilitaka bidhaa kutoka nje ziwe na alama ya nchi zilikotengenezwa. Tangu hapo mataifa yamezaliwa, yamegawanyika na kuungana, na chapa zimebadilika pamoja nayo. Hereni zilizogongwa "Czechoslovakia" haziwezi kuwa za kabla ya 1918, kwa sababu nchi yenyewe haikuwapo. Pochi iliyoandikwa "Occupied Japan" ni ya miaka ya baada ya vita, wakati majeshi ya washindi yalipoikalia Japani, na miaka hiyo ilikoma 1952. Penye "Western Germany", mkusanyaji anajua kwamba anashika kitu kilichotengenezwa baada ya 1949.

Katika chapa hizo mna historia nzito kuliko bei. Mji wa Jablonec nad Nisou, ulioitwa Gablonz na wakazi wake Wajerumani, ulikuwa makao makuu ya shanga, vifungo na vito vya kioo. Familia nyingi zilifanya kazi hiyo katika karakana za nyumbani. Shanga za kioo za Kicheki zilivuka bahari hadi Afrika, na mpaka leo ndizo zinazotumika sana katika kazi za shanga za akina mama wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wa Gablonz walifukuzwa. Wengi wao walikwenda Bavaria, karibu na mji wa Kaufbeuren, wakaanza upya kwenye eneo lililokuwa kiwanda cha baruti, wakakiita kitongoji chao Neugablonz. Kwa hiyo mkufu wenye chapa ya Czechoslovakia na mwingine wenye chapa ya Ujerumani Magharibi huenda ikawa kazi ya ukoo mmoja, wa kwanza ukiwa wa baba kabla ya vita na wa pili wa binti aliyepoteza nyumba. Anayeiweka mikufu hiyo miwili pamoja anatunza habari ambayo haimo katika kioo pekee.

Chuma nacho kina ushahidi wake. Mabizimu ya karne ya 19 aghalabu yana ndoano wazi isiyo na kufuli, na ncha ya pini huwa ndefu kiasi cha kupita ukingo wa pambo. Kishikizo kinachozunguka na kujifunga kilienea katika karne ya 20. Hereni za kubana sikio bila tundu wala skrubu zilishika kasi miaka ya 1930. Hata hivyo, sonara anaweza kubadilisha pini iliyovunjika, kwa hiyo dalili moja haitoshi kutoa hukumu.

Mahakama pia iliacha alama. Mwaka 1955 kampuni ya Trifari ilishinda kesi mjini New York dhidi ya mshindani aliyenakili mapambo yake, na jaji akakubali kwamba mapambo ya bei nafuu yanaweza kulindwa na hakimiliki kama kazi ya sanaa. Baada ya hapo alama ya © ilienea kwenye migongo ya mabizimu ya Kimarekani. Kwa wakusanyaji, ni mpaka unaosaidia, ingawa si wa uhakika kabisa.

Pasipo na chuma, pua huchukua kazi. Selulodi, iliyoanza kutengenezwa Marekani karibu na 1870, ilitumika kuiga pembe za ndovu katika machanuo, vioo vya mkono na mapambo ya nywele, na mojawapo ya viungo vyake ni kafuri. Ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto, kafuri hiyo hunukia. Bakelite, iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ilitengenezewa bangili nene za rangi nzito zilizopendwa hasa miaka ya 1930; ikiguswa na maji ya moto hutoa harufu kali ya fenoli. Wapo wauzaji wanaopima kwa sindano iliyochomwa motoni. Jambo hilo lisifanywe kamwe: selulodi hushika moto upesi, na hata isipoungua, tundu limeshaliharibu pambo.

Pembe halisi ni suala jingine, na linaihusu pwani yetu moja kwa moja. Katika karne ya 19 ndovu waliouawa bara walipitia Zanzibar kama pembe, zikasafirishwa mpaka Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa machanuo na vibonye vya piano. Pembe ya kweli ikitazamwa kwenye ukato huonyesha mistari inayokatizana. Selulodi iliyoigiza pembe ina mistari iliyonyooka sambamba. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na ya magamba ya kasa aina ya ng'amba ilianza kufungwa miaka ya 1970. Msomaji akikuta chanuo la ng'amba katika sanduku la bibi, alihifadhi na aulize sheria kabla ya kulivusha mpaka. Kulinunua ili kuliuza ni kosa hata likiwa zuri namna gani.

Mikoba ndiyo inayoghushiwa zaidi, kwa sababu ndiyo yenye fedha. Mkoba wa kwanza wa Hermès wa aina ya Birkin, uliotumiwa na mwigizaji Jane Birkin, uliuzwa Paris Julai 2025 kwa zaidi ya euro milioni 8. Kampuni ya Hermès imekuwa ikigonga herufi ya mwaka ndani ya mikoba yake tangu 1945. Mkoba maarufu wa Chanel ulitolewa Februari 1955 ukiwa na kufuli bapa la mstatili. Kufuli la herufi mbili za C zilizopishana lililetwa na mbunifu Karl Lagerfeld, aliyeanza kazi huko 1983. Muuzaji anayekuonyesha C mbili na kudai mkoba ni wa 1955 anasema uongo, au yeye mwenyewe amedanganywa.

Lakini mkusanyo wenye hadhi hauhitaji fedha hizo. Madeleine Albright, mzaliwa wa Prague aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 1997 hadi 2001, alikusanya mabizimu ambayo mengi yalikuwa ya bei ndogo. Vyombo vya habari vya Irak vilipomwita nyoka, akiwa balozi Umoja wa Mataifa, alivaa bizimu la nyoka alipokutana na maofisa wa nchi hiyo. Mwaka 2009 alitoa kitabu kuhusu mkusanyo wake, na mabizimu zaidi ya 200 yakazungushwa katika makumbusho. Thamani yake inatokana na kujulikana nani alivaa nini, lini na mbele ya nani. Familia za hapa zina mapambo ya namna hiyo, ila majina ya walioyavaa yanapotea haraka. Karatasi ndogo yenye jina na mwaka, ikiwekwa ndani ya kisanduku, huliokoa pambo lote.

Utunzaji nao una masharti. Vito vya kioo vilivyopakwa rangi ya fedha mgongoni visiloweshwe, maana vitapiga weusi. Selulodi itengwe mahali penye hewa, kwani ikianza kuoza hutoa asidi inayokula chuma cha jirani. Mombasa, Tanga na Unguja, ambako unyevu hauishi, mkoba wa ngozi usifungiwe katika mfuko wa plastiki. Ujazwe karatasi nyeupe isiyochapishwa na kutolewa kabatini mara kwa mara.

Juma lijalo: glavu, mitandio na pini za kofia.