Banda la mifugo laweza kuwa nyumba, lakini ondoa chumvi kwanza

Mwenye banda kuukuu la matofali mahali pa biashara kama Chimala, wilayani Mbarali, hujiuliza: alibomoe, au aligeuze vyumba vya kupangisha?

Jijini London swali hilo lilijibiwa zamani. Katika karne ya 18 na 19, nyuma ya nyumba za matajiri wa Mayfair na Belgravia yalijengwa mabanda ya farasi yaitwayo mews. Chini walikaa farasi na magari ya kukokotwa. Juu iliwekwa nyasi kavu na walilala watunzaji wao.

Magari ya injini yalipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, farasi waliondoka. Mabanda yakawa gereji, kisha nyumba, na leo mengi yanauzwa kwa bei kubwa. Kuta nyingi ziliachwa. Mlango mpana wa gari uligeuzwa dirisha la sebule, na stoo ya nyasi ikawa chumba cha kulala.

Kwetu mabanda ya farasi ni machache, kwani mbung'o walizuia ufugaji wake sehemu nyingi. Hata hivyo, kugeuza jengo si jambo geni Nyanda za Juu Kusini. Boma la Iringa, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1914 kama hospitali, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016.

Hasara hutokea pale mwenye banda anapokimbilia kupiga lipu. Mkojo wa mifugo huacha chumvi sakafuni na ukutani. Chumvi hiyo huvuta unyevu, hutoa unga mweupe na kubandua lipu na rangi. Mpangaji huhama, nawe unarudia gharama.

Kwa hiyo chimba sakafu, toa udongo wenye mkojo na ujaze changarawe safi. Tandika nailoni ngumu kabla ya kumwaga zege. Bandua lipu ya zamani, acha kuta zikauke kiangazi kizima, kisha badilisha matofali yaliyolika. Kwa kuta laini za zamani, lipu ya chokaa ni bora kuliko ya saruji kwa sababu huruhusu unyevu kutoka.

Panua madirisha, maana ya banda huwa madogo na ya juu. Kama jengo lilihifadhi dawa za mazao, usilaze mtu humo kabla mtaalamu hajalikagua.

Mwisho, pata kibali cha halmashauri kabla ya kumlipa fundi. Kuta imara ni mtaji, mradi ziwe kavu.