URAIA NA UKAAZI: MZEE ANAPOTAKA KUHAMIA NG'AMBO

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Njombe na Makambako, kama lilivyosomwa na Afisa Elimu

Walimu wa madarasa ya Njombe mjini, Makambako na vijijini, tafadhali hakikisheni ya kuwa kila mwanafunzi ana daftari na penseli, na ya kuwa redio inasikika mpaka nyuma.

Somo letu la leo lina maneno mawili tu. La kwanza ni URAIA. La pili ni UKAAZI. Mwalimu ayaandike ubaoni kwa herufi kubwa, moja upande wa kushoto, la pili upande wa kulia. Sasa yasomeni pamoja kwa sauti: u-ra-i-a. U-ka-a-zi. Vizuri.

Kwa nini tunasoma maneno haya? Wako wazee katika mkoa wetu waliostaafu ualimu, uuguzi, au kazi ya reli ya TAZARA pale Makambako, nao wana watoto ng'ambo. Mtoto anapiga simu akisema, "Baba, umelima vya kutosha. Njoo ukae nasi." Na wako watu wetu wengine waliofanya kazi ng'ambo miaka mingi, nao sasa wamezeeka, wanataka kurudi kupanda parachichi na kupumzika. Mmoja anatoka, mwingine anarudi, lakini wote wawili huletewa karatasi za kutia sahihi. Mtu asiyejua maana ya karatasi hizo anaweza kupoteza kitu ambacho hakukusudia kukipoteza.

MANENO MAWILI, MAMBO MAWILI

Uraia ni kuwa mwana wa nchi. Raia wa Tanzania huingia nchini mwake siku yoyote bila kuomba ruhusa. Akitimiza miaka 18 hupiga kura. Hupewa ardhi ya kijiji. Sheria yetu yataja njia tatu za kuupata uraia: kuzaliwa, kurithi kutoka kwa mzazi, na tajnisi. Tajnisi maana yake ni mgeni kuomba uraia na kukubaliwa.

Ukaazi ni ruhusa ya kuishi katika nchi ambayo si yako. Ruhusa hiyo ina masharti, na mara nyingi ina mwisho. Ifikirieni nyumba. Mtoto wa nyumba hapigi hodi kwao. Mgeni hupiga hodi, naye hata akikaribishwa kwa moyo wote hufuata utaratibu wa wenyeji. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli, lakini hata akishika jembe, bado ni mgeni.

Basi shikeni jambo hili, kwa maana somo lote limejengwa juu yake: kupata ukaazi wa nchi nyingine hakuuondoi uraia wako wa Tanzania. Kuchukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, ukiwa mtu mzima, kunauondoa.

SHERIA ILIVYOANZA

Jambo hili si geni kwetu. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilibidi kuamua nani ni raia. Mwezi Oktoba mwaka ule ule palikuwa na mjadala mkali katika baraza la kutunga sheria. Wengine walitaka uraia ufuate rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere alikataa, akasema uraia ufuate uaminifu kwa nchi. Watu wengi wenye asili ya nje waliokuwa wakiishi hapa walipewa muda wa miaka 2, yaani mpaka Desemba 1963, wachague upande mmoja. Hawakuruhusiwa kushika pande zote mbili. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 msimamo huo uliendelea, nao umo katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 tunayoitumia hata leo.

MZEE ANAYETOKA

Sasa tuchukue mfano. Tufanye kwamba yuko mzee mmoja wa Makambako, mwalimu mstaafu, mwenye miaka 65. Binti yake ni raia wa Marekani. Sheria ya Marekani inamruhusu raia aliyetimiza miaka 21 kumwombea mzazi wake ukaazi wa kudumu. Mzee anakubaliwa, anapewa kadi ya ukaazi, anasafiri. Je, siku hiyo yeye ni raia wa nchi gani? Jibuni darasani.

Naam, bado ni raia wa Tanzania. Pasipoti yake ni ile ile, na shamba lake ni lile lile.

Lakini kadi ile ina masharti. Mzee akirudi Makambako akakaa zaidi ya mwaka mmoja bila kuchukua kwanza kibali cha kurudi Marekani, anaweza kuhesabiwa kuwa ameuacha ukaazi wake. Uingereza nayo ina sharti la namna hiyo: mwenye ruhusa ya kukaa bila kikomo, akikaa nje ya nchi zaidi ya miaka 2 mfululizo, kwa kawaida ruhusa hiyo hufutika. Kwa hiyo mzee anayetaka kulima huku na kulea wajukuu kule, budi ahesabu miezi yake kama mkulima anavyohesabu miezi ya mvua.

Miaka 5 inapita. Mzee ana miaka 70, na sasa sheria ya Marekani inamruhusu kuomba uraia. Binti anasema, "Baba, chukua, usumbufu wa kadi utakwisha." Mzee anakubali, anaapa. Marekani haimkatazi mtu kuwa na uraia wa nchi nyingine. Sheria ya Tanzania ndiyo inayokataza. Siku ile ile anayopokea uraia mpya kwa hiari yake, uraia wake wa Tanzania unakoma. Hangoji barua kutoka Dar es Salaam au Dodoma. Hata kama pasipoti yake ya zamani imo sandukuni na tarehe yake haijaisha, haina nguvu tena, na kuitumia ni kosa.

MZEE ANAPORUDI

Mzee wetu anafika miaka 72. Baridi ya kule imemchosha, naye anataka kurudi Makambako moja kwa moja. Anarudi kama nani? Anarudi kama mgeni. Ataomba viza, na viza ya kawaida ya matembezi ni ya muda mfupi, haizidi miezi 3. Akitaka kukaa zaidi ataomba kibali cha ukaazi. Vibali vyetu viko katika madaraja matatu: A ni la wenye mitaji na wanaojiajiri, B ni la walioajiriwa, na C ni la wengine, kama wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Kila kibali kina ada yake na muda wake.

Je, hawezi kuurudia uraia wake? Anaweza kuomba kwa njia ya tajnisi. Masharti yataka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa nchini jumla ya miaka isiyopungua 7. Tena ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe mtu wa tabia njema.

Fanyeni hesabu hii katika madaftari yenu. Mzee ana miaka 72. Miaka 7 na mwaka 1 ni miaka 8. Ikiwa anaanza upya, 72 na 8 ni ngapi? Ni 80. Mzee aliyezaliwa hapa, aliyefundisha watoto wetu kusoma, atangoja mpaka miaka 80 ndipo aombe kuwa raia wa nchi yake, na kuomba si kupewa.

SHAMBA

Tumefika penye uzito zaidi. Hapa kwetu Njombe, mali ya mzee ni ardhi: shamba la viazi, miti ya mbao, miparachichi, mianzi ya ulanzi kando ya bonde. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ardhi ya kijiji, nayo inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Haki ya kimila juu ya ardhi ya kijiji hupewa raia. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo yasema ya kuwa mtu asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wa serikali.

Basi mtazame mzee anayerudi. Shamba alilolirithi kwa baba yake sasa lina swali. Ndugu mmoja akiwa na tamaa, atasema mbele ya serikali ya kijiji, "Huyu si raia." Na neno hilo litakuwa kweli. Shamba likiandikwa jina la ndugu ili mzee apate kujisitiri, mwenye jina ndiye mwenye shamba mbele ya sheria. Undugu ukiharibika, mzee hana pa kushika. Kwa hiyo mambo ya shamba hupangwa kabla ya kiapo, mchana, mbele ya ukoo na serikali ya kijiji, na kuandikwa.

HADHI MAALUM

Kwa miaka mingi Watanzania walioko ng'ambo wameomba uraia wa nchi mbili. Wanaotetea ombi hilo husema kwamba watu hao hujenga nyumba huku na kutuma fedha, nao hawakuacha kuipenda nchi. Wanaotetea sheria ilivyo husema kwamba mtu hawezi kuapa utii kwa nchi mbili, na kwamba ardhi na usalama vyaweza kuingia hatarini. Majirani wamechagua njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamwachia raia wa kuzaliwa uraia wake hata akichukua wa pili. Uganda nayo iliruhusu, sheria yake ikapitishwa mwaka 2009.

Serikali yetu ilitafuta njia ya katikati. Mwaka 2024 ilipeleka Bungeni muswada wa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, ili mtu aliyekuwa raia, pamoja na uzao wake, apate Hadhi Maalum. Njia hii imepitwa na wengine pia. Ethiopia ilianza kutoa kadi ya watu wa asili yake mwaka 2002, na India mwaka 2005. Mwenye kadi ya India huingia na kuishi bila viza, lakini hapigi kura, wala hanunui shamba la kilimo. Ndiyo maana tunasema: hadhi si uraia. Anayeitegemea na aende Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, hapa Njombe mjini, aulize ni haki zipi hasa zimo ndani yake, na kuhusu ardhi, ardhi ipi.

PENSHENI NA WAJUKUU

Pensheni ni jambo la tatu, nalo watu hulichanganya na uraia. Chukueni pensheni ya serikali ya Uingereza. Mtu aliyeichangia hulipwa hata akiishi Makambako. Lakini raia wa Uingereza aliyebaki Uingereza huongezewa pensheni yake kila mwaka, na anayeishi Tanzania haongezewi. Kiasi kile cha mwanzo hubaki vile vile mpaka mwisho, hata bei ya sukari ikipanda mara tatu. Hapo linalopima ni mahali unapoishi, wala si pasipoti uliyo nayo.

Na wajukuu je? Mtoto aliyezaliwa ng'ambo, ambaye mzazi wake ni raia wa Tanzania wa kuzaliwa, ni raia wetu kwa kurithi. Mtoto anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili. Lakini akitimiza miaka 18 hana budi kuchagua mmoja. Mkumbusheni mapema.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mzee akiletewa karatasi, na aulize maswali manne:

1. Karatasi hii ni ya ukaazi au ni ya uraia?
2. Nikikaa nje ya nchi ile, ruhusa yangu itadumu muda gani?
3. Shamba langu liko kwa jina la nani, na je, nina hati ya hakimiliki ya kimila?
4. Nikitaka kurudi nikiwa mzee zaidi, nitarudi kama mtoto wa nyumba au kama mgeni?

Hatusemi ya kuwa kuchukua uraia mwingine ni vibaya. Wako wanaohitaji matibabu, wako wasio na mtu tena huku. Kila mtu ajichagulie. Lakini achague akijua, kwa macho yake mwenyewe, akiwa amesoma neno lililoandikwa juu ya karatasi. Ndiyo sababu mnakuja darasani.

MANENO YA KUANDIKA MADAFTARINI

Tajnisi: uraia anaopewa mgeni baada ya kuomba.
Kibali: karatasi ya ruhusa.
Kiapo: ahadi nzito mbele ya serikali.
Hadhi: cheo au nafasi anayopewa mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani ni raia wa nchi gani?
2. Bibi mmoja ana miaka 61. Alichukua uraia wa nchi nyingine, naye anarudi leo kuanza upya. Ataweza kuomba tajnisi akiwa na miaka mingapi?
3. Je, darasa lenu laona sheria ibaki ilivyo, au tufuate njia ya Kenya? Kila upande utoe sababu mbili.

Walimu, andikeni majibu ya swali la tatu, muyalete ofisi ya elimu.